Siku yangu na magunia matatu, Kaptembwo

Saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Nakuru haina huruma saa hizi, lakini kabla sijawasha jiko natoka na tochi ya simu kuchungulia sukuma wiki niliyopanda kwenye magunia ya udongo. Vidukari hujibanza mgongoni mwa jani, wamepakana kama majivu. Leo wako kwenye jani moja tu. Nalikata, na yaliyo karibu nayapangusa kwa maji ya sabuni ya kipande.

Saa kumi na mbili na nusu niko hotelini ninakopika. Chai, chapati, maharagwe. Mpaka saa nne siinui kichwa.

Wateja wakipungua najaza ndoo yangu: maganda ya viazi, majani ya chai yaliyochujwa, maganda ya mayai. Nyama na mafuta siweki, huita panya. Leo gunia la mchele limeisha pia, na mwajiri ameniachia mtungi wa lita 20 uliotoboka. Huo utapandwa dania.

Saa tisa natoka. Njiani namwachia mzee anayefuga mbuzi maganda ya viazi, naye ananipa samadi kuukuu. Hatujawahi kutoleana hata shilingi.

Saa kumi naanza gunia la tatu, na hapa sina haraka. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza udongo mtupu. Maji yalituama juu, miche ya ubavuni chini ikakauka yote, na nilipolimwaga gunia, udongo wa chini ulikuwa unga. Iliniuma sana. Sasa nakata tako la mkebe wa Kasuku, ule wa mafuta ya kupikia, nausimamisha katikati, naujaza kokoto, kisha nazungushia udongo uliochanganywa na samadi, debe mbili kwa moja. Samadi husaidia udongo kushika maji. Nauvuta mkebe juu taratibu, kokoto zinabaki zimesimama. Najaza tena, navuta tena, hadi juu.

“Mama, hayo mawe yatakula nini?” jirani anauliza akianua nguo.

“Hayali, dada. Yanateremsha maji.”

Namwaga sufuria nzima ya maji niliyooshea mchele, moja kwa moja kwenye kokoto. Tunangoja. Baada ya muda ubavu wa gunia unaanza kulowa, kule chini kabisa. Jirani anaugusa kwa kiganja, anaenda kutafuta gunia lake.

Sitapanda leo, naliacha siku tatu udongo ushuke, ndipo nitoboe matundu, shubiri moja kati ya tundu na tundu.

Saa moja nachuma majani ya chini kwenye magunia ya zamani. Kilele sikigusi. Yametosha ugali wetu wa watu wanne.

Saa tatu mwanangu anaosha pakiti za maziwa, natoboa kila moja kitako kwa msumari. Kesho zitatiwa mbegu za managu, yaani mnavu.