Kasi ya swingi haiji kwa kumaliza ndoo za mipira

Wanagofu wa Nakuru na Kisumu, mazoezi ya kasi ya swingi, yaani mzungusho wa fimbo, fanyeni bila mpira. Ukiuweka mbele yako, mwili unaanza kutafuta usahihi na mikono inapunguza mwendo bila wewe kujua.

Pasha mwili moto dakika 10: nyonga, mgongo, mabega. Kisha geuza draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, shika shafti (mti wake) karibu na kichwa cha fimbo, upige hewa kwa nguvu zote mara 5 upande wako na mara 5 upande wa pili. Sikiliza ule mvumo. Ukisikika mapema, fimbo ikiwa bado inashuka, kasi umeimaliza njiani. Unatakiwa usikike mbele ya pale mpira ungekaa. Halafu shika draiva kawaida, mara 5 tena. Pumzika sekunde 30 kati ya swingi na swingi. Wengi huharibia hapa: wanapiga mfululizo kama wanaofyeka nyasi, na mwili uliochoka unazoea mwendo wa pole. Mara 3 kwa wiki zinatosha, na siku ya mapumziko katikati. Kiwiko au mgongo ukiuma, acha.

Pima maendeleo kwa rada, kifaa cha kupima kasi, si kwa umbali wa mpira. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130 hivi. Hewa ya Nakuru ni nyepesi, kwa hiyo swingi ileile hupeleka mpira mbali zaidi. Maili 1 zaidi kwa saa huleta yadi 2 hadi 3 tu kwa draiva, tena ukiupata mpira katikati ya uso wa fimbo.