Bawa Bado Lina Jua

Ilikuwa Mei 2019, katikati ya Ramadhani. Nilikuwa nimempeleka mama Mumbai kuangaliwa jicho lake, lililotolewa mtoto wa jicho miezi michache nyuma. Daktari aliridhika, kesho yake tukawa tunarudi nyumbani Muscat.

Usiku ule, wakati wa daku, mama akaniuliza, "Safari ya muda gani hiyo?" Nikaitazama tiketi. Kuondoka Mumbai saa 11:45 jioni, kufika Muscat saa 1:00 usiku. "Saa moja na robo tu, mama." Akanuia kufunga. Msafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, na hilo mama analijua kuliko mimi, lakini kwa mwendo wa saa moja na robo aliona haya kuitumia.

Tiketi haikusema uongo. Kila mji huandikwa kwa saa yake, na India iko mbele ya Oman kwa saa moja na nusu. Baina ya miji hiyo miwili pana karibu kilomita 1,600, na ndege yetu ilipangiwa saa mbili na dakika 45. Tulipokwenda, tiketi ilionyesha zaidi ya saa nne. Nililala njia nzima, wala sikujiuliza.

Saa moja na dakika nane kwa saa ya Mumbai, bwana wa kiti cha pembeni alifungua chupa ya maji. "Magharibi imeshaingia," akatuambia, kwa wema kabisa. Mama alikuwa ameshika tende moja ndani ya leso tangu tupande. Akageukia dirishani. Jua lenyewe hatukuliona, lilikuwa mbele ya ndege. Lakini bawa lilikuwa linang'aa, kila msumari wake na kivuli chake.

"Magharibi ya Mumbai tumeiacha Mumbai," akasema. "Bawa bado lina jua, mwanangu. Mbona hatushuki?"

Ndipo nilipokaa nikapiga hesabu. Nikamwambia ukweli: bado saa moja na zaidi, na tunakwenda kulekule jua linakokwenda, kwa hiyo halituachi upesi. "Kula, mama. Kosa ni langu, na ruhusa unayo."

Alitikisa kichwa tu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Midomo yake ilikuwa imekauka, ile rangi nyeupe pembeni, na jicho lililopona alilifumba kwa sababu ya mwanga. Nilitamani kuivuta ile ndege kwa mikono yangu. Mabaharia wa Sur, mji wa pwani ya Oman, waliivuka bahari hiyo hiyo kwa siku nyingi kwa tanga, na mimi saa moja ya angani ilinielemea kuliko safari yoyote niliyowahi kwenda.

Ndege ilipoanza kuteremka, bawa likageuka rangi ya shaba, kisha zambarau. Mama hakuondoa macho. Mwanga ukabaki ncha ya bawa tu, kama uzi, halafu ukatoweka. Akangoja kidogo tena. Akaifungua leso, akaipasua tende, akatoa kokwa, nusu akanipa mimi.

"Bismillahi," akasema. Taa za Muscat zilikuwa tayari chini yetu.