Vioo vya Honda kwenye Yamaha Kuukuu

Pikipiki yenyewe ilikuwa Yamaha DT 125 ya miaka ya 1980, yenye injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa hewa, tangi la oili lililojitenga na la petroli, na breki za drami mbele na nyuma. Niliinunua mwaka 2009 kwa mtumishi mstaafu aliyekuwa ameitunza kuliko watu wengi wanavyotunza nyumba zao, wakati huo nikiwa ofisa mifugo katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Injini haikuwa na neno. Hata asubuhi za baridi ya mwezi Juni iliitikia kiki bila kubembelezwa. Kilichopungua ni vioo vya pembeni. Cha kushoto kilikuwapo, lakini rangi ya fedha nyuma yake ilikuwa imeliwa na unyevu hata ukaona ndani yake madoa meusi kuliko barabara, na cha kulia kilikuwa kimevunjika zamani, kikabaki kisiki cha chuma kilichoota kutu juu ya kishikizo cha mkono wa breki.

Kwa njia za ndani, za kwenda vijijini kuchanja ng'ombe na kukagua majosho, upungufu huo ulivumilika. Kazi yangu, hata hivyo, ilinilazimu kupita mara kwa mara kwenye barabara kuu iendayo Zambia, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, na aliyewahi kushuka Kitonga anaelewa ninachosema. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali na upande wa pili korongo. Malori yenye shehena hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mabasi yaliyochoka kuyasubiri hutafuta upenyo wa kuyapita hata pale ambapo kona haijaonyesha kilichoko mbele. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo chochote kinachokupita kinakupitia kulia. Mwendesha pikipiki asiye na kioo cha kulia hana budi kugeuza shingo, na akigeuza shingo mkono hufuata shingo, na pikipiki hufuata mkono. Askari wa usalama barabarani walikuwa wamekwisha kunionya pale Ilula, kwa upole ambao nilijua hautarudiwa.

Vioo vyenyewe vya DT havikupatikana mjini Iringa. Kariakoo vilikuwapo, kwa maelezo ya mfanyabiashara niliyempigia simu, ila kwa bei iliyokaribia ya tairi jipya, tena vya kuagizwa na kusubiriwa. Maduka ya vipuri mjini yalikuwa yamejaa vioo vya pikipiki za Kichina, ambazo miaka ile zilikuwa zinaingia kwa wingi, na nilivijaribu: uzi wake, yaani yale meno ya kuzungushia yaliyo mwishoni mwa mkono wa kioo, ulikuwa wa milimita 8, na tundu la kwenye kishikizo cha Yamaha yangu lilikuwa la milimita 10, hata kioo kikazama na kuchezacheza bila kushika popote. Muuza duka alinishauri nizungushie utepe mweupe ule wa mafundi bomba mpaka unene utoshe. Nilimshukuru nikaondoka, kwa kuwa utepe ule kazi yake ni kuzuia maji, na kioo kinachoshikwa na utepe kitakuonyesha anga siku ya kwanza ukipita kwenye makorongo.

Hapo ndipo nilipomwendea mzee mmoja fundi, mwenye gereji ya wazi kule Ipogolo, chini ya mti wa mwarobaini, mahali ambapo pikipiki zilizokufa zilikuwa nyingi kuliko zilizo hai. Miongoni mwa zilizokufa kulikuwa na Honda XL 125 ambayo injini yake ilikuwa imepasuka boksi, lakini usukani wake ulikuwa mzima na vioo vyake viwili vilikuwa safi kana kwamba havijawahi kuona vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Leo umekuja na mgonjwa gani?"

Nilimweleza shida yangu na kumwonyesha vile vioo vya Honda. Aliviangalia, akaiangalia Yamaha, akacheka kidogo. "Cha kushoto chukua sasa hivi," alisema. "Cha kulia kina maneno yake." Hakueleza zaidi, kwa kuwa aliitwa na mteja mwingine, akamwachia kazi kijana wake.

Kijana alianza na upande wa kushoto. Alilegeza nati kwa spana namba 14, akakitoa kioo cha zamani, akaingiza cha Honda, nacho kikaingia kwa vidole, laini, mpaka chini. Kote kuwili uzi ni wa milimita 10, na hatua ya jino moja hadi jingine ni milimita 1.25. Akahamia kulia. Kisiki kilikuwa na nati yake ya kubania, vyote vimeshikamana kwa kutu, na kijana akamwagia mafuta, akasubiri, akaweka spana na kuvuta kuelekea kushoto, kama mtu yeyote afunguavyo nati yoyote. Haikutingishika. Akachomeka bomba kwenye spana ili apate urefu, akakaza miguu chini, na mimi nikaona kishikizo chote, ambacho ni cha alumini na hakina uvumilivu wa chuma, kikianza kujipinda juu ya usukani.

"We kijana, acha!" Mzee alikuwa amegeuka. Alikuja akiwa bado ameshika kabureta ya mtu mkononi, akaiweka chini taratibu, akamnyang'anya spana. "Baiskeli ya nyumbani kwenu, pedeli ya kushoto unaifungua kwenda wapi?"

Kijana alifikiri. "Kulia, mzee."

"Basi na Yamaha, kioo cha kulia ni hivyo hivyo."

Akaitoa ile bomba, akaishika spana fupi peke yake, akaigonga kwa kiganja kuelekea kulia, na nati ikalia mlio mkavu na kulegea. Kisiki nacho kilitoka kwa kuzungushwa upande ule ule. Alikifuta kwa kitambaa, akaninyooshea nikitazame kwenye mwanga, na kwa hakika meno yake yalikuwa yameegemea upande usiozoeleka, yakipanda kuelekea kushoto badala ya kulia. Ile nati aliitumbukiza ndani ya kopo la petroli, akasema isipotee kwa sababu mjini hapa hakuna duka litakaloniuzia nyingine.

Nilimwuliza Wajapani walikuwa na haja gani ya kutusumbua. Aliinua mkono wake wa kulia pembeni, kiganja wima kikiwa kioo, akaniambia nikisukume kutoka mbele, kama ambavyo tawi au mlango wa gari ungekisukuma pikipiki ikiwa kwenye mwendo. Kiganja kilirudi nyuma, na bega likazunguka upande ambao saa huzungukia. Huo, alisema, ndio upande wa kukaza uzi wa kawaida. Kioo cha kulia chenye uzi wa kawaida kikigongwa kutoka mbele hujikaza, kikishindwa kujikaza zaidi hupinda au huvunjika, au huvunja kishikizo. Chenye uzi wa kinyume hulegea na kugeuka. Upande wa kushoto jambo hilo hutimia lenyewe bila kubadili chochote. Honda walitumia uzi wa kawaida pande zote mbili, na pikipiki zao zimeishi vizuri tu, kwa hiyo sitaki kusema nani mwerevu kuliko mwenzake. Ila maelezo yale, yaliyotolewa kwa mkono mmoja mweusi wa oili, yaliniridhisha kuliko kitabu.

Njia zilizobaki zilikuwa tatu. Ya kwanza, kukata mkono wa kioo cha Honda na kuulehemu juu ya kisiki cha Yamaha, mzee aliikataa kabla sijamaliza kuitaja, kwa kuwa mkono ule ni mwembamba, umepakwa kromu, na mahali palipopashwa moto ndipo utakapokatikia. Ya pili, kuhamisha kishikizo chote cha breki kutoka Honda, ingeleta matatizo ya waya wa breki na swichi ya taa ya nyuma. Ya tatu ilikuwa kumpelekea mkereza vyuma atengeneze kipande cha kuunganisha, chini kikiwa na uzi wa kinyume wa kuingia kwenye Yamaha, juu kikiwa na tundu lenye uzi wa kawaida wa kupokea kioo cha Honda. Tulichagua hiyo.

Mkereza alikuwa mtu mkimya mwenye mashine iliyomzidi umri. Alipima unene wa kisiki kwa venia, kile kipimo chenye taya mbili, akapima meno yake kwa yale mabapa membamba ya kupimia hatua ya uzi mpaka bapa la 1.25 likakaa bila kuacha mwanga, kisha akafunga kwenye mashine kipande cha chuma chenye pembe sita, cha milimita 17 kutoka ubavu hadi ubavu. Alitoboa tundu la milimita 8.8 na kulikata uzi wa ndani kwa mkono. Kilichonivutia ni upande wa pili. Uzi wa kawaida hukatwa kisu kikitoka nje kuelekea kwenye kichwa cha mashine. Huu aliukata kwa kugeuza mwelekeo wa gia, hata kisu kikaanzia ndani, kwenye mfereji mdogo alioutengeneza shingoni mwa kipande, na kurejea nje kila kilipokata. Alirudia kwa kina kidogo kidogo, akitia tone la oili na kujaribu ile nati ya zamani, mpaka nati ikapanda yenyewe kwa kidole kimoja. Malipo aliyotaka yalikuwa madogo kiasi kwamba niliongeza bila kuombwa.

Kufunga ilikuwa kazi ya muda mfupi, isipokuwa jambo moja ambalo mzee alilitilia mkazo. Kipande kile kina maungio mawili yanayokazwa pande zinazopingana, kwa hiyo ukikishika kioo na kukizungusha ili ukitege, popote utakapoelekea utakuwa unakaza ungio moja na kulegeza jingine. Kila moja lazima liwe na nati yake ya kubania: chini ile ya Yamaha iliyookolewa kwenye kopo, juu ile iliyokuja na kioo cha Honda. Baada ya hapo alinitaka nipande pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye ardhi tambarare, nikae ninavyokaa njiani, na kijana wake akatembea nyuma yangu kutoka kushoto kwenda kulia huku nikisema lini namwona na lini namkosa. Tulitega mpaka ncha ya kiwiko changu ikaonekana kwa shida kwenye ukingo wa ndani, na sehemu iliyobaki yote ikawa barabara.

Njiani nilikuta mambo mawili ambayo hayakuwahi kunijia akilini gereji. Kioo cha Honda kilikuwa kimebinuka kidogo, tofauti na kile bapa cha zamani, kwa hiyo kilionyesha eneo pana zaidi lakini kila kitu kilionekana kidogo na cha mbali; basi nililodhani lina nafasi ya kutosha nyuma yangu lilikuwa tayari linapiga honi. Ilinibidi nijifunze upya kukadiria masafa, na kwa muda nilikuwa nikihakikisha kwa shingo kile nilichoonyeshwa na kioo. Jambo la pili ni mtetemo. Vioo vile viwili, vilivyotoka pikipiki moja, havikutetemeka sawa: cha kulia, kilichoinuliwa na kile kipande, kilianza kuwa ukungu katika mwendo ambao cha kushoto bado kilikuwa wazi kabisa. Nilimrudia mzee, naye hakushangaa, akasema kitu kirefu huanza kutikisika mapema kuliko kifupi. Alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauviringisha kwa kuukaza kwenye shina la mkono wa kioo mpaka juu ya nati, akaufunga kwa waya. Haukuondoa mtetemo, ila uliupeleka kwenye mwendo ambao barabara zangu nyingi hazikuruhusu.

Kipande kile kilijaribiwa kwa kweli msimu wa nyanya uliofuata. Ilula wakati huo barabara hujaa matenga, juu ya malori, juu ya baiskeli, juu ya pikipiki zisizoonekana dereva, na katika njia nyembamba ya vumbi inayoshuka kutoka mashambani nilikutana na kijana aliyepakia matenga manne nyuma ya baiskeli, mawili kila upande, yakiwa yamechomoza kuliko alivyodhani. Tulipishana kwa kubanana. Pembe ya tenga ilikigonga kioo changu cha kulia kutoka mbele, mlio wa mti juu ya chuma, na usukani ukanivuta kidogo kisha ukaachia. Yeye alisimama kwa hofu, akaanza kuomba radhi kabla hajashuka. "Samahani sana, mzee wangu, nitakulipa." Wakati huo sikuwa mzee hata kidogo, lakini aliyegongewa chombo chake huwa mzee mara moja.

Kioo hakikuwa na mkwaruzo wowote. Kilikuwa kimegeukia kifuani kwangu, mkono wake haukupinda, na ungio la juu lilikuwa limekazika kuliko nilivyoliacha. Lililolegea ni lile la chini, robo mzunguko, nati ya Yamaha ikiwa imeachia. Nilimwambia kijana aende, nyanya hazingojei. Kisha nikatoa spana namba 14 chini ya kiti, nikakirudisha kioo mahali pake, nikaikaza nati kwa kuivuta kushoto, nikaendelea na safari kwenda kwenye zizi nililokuwa nimesubiriwa tangu saa tatu.