Nilikula udongo miezi saba: nilivyoacha, na kilo nazo zikaondoka

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini, na kwa miezi saba nilikuwa nakula udongo. Sisemi kuonja. Nilinunua pemba sokoni, vile vipande vya udongo uliokaushwa ambavyo akina mama huvipanga karibu na tangawizi kwa ajili ya wajawazito, nikavitia kwenye droo ya cherehani pamoja na sindano na bobini, na hadi jioni mfuko ulikuwa umekwisha. Mimba sikuwa nayo. Wifi yangu alipogundua alinipa hongera, nikamwambia hakuna kitu, akanijibu, "Wifi, mimi unanificha nini?" Hakuamini mpaka mwezi wa tatu ulipopita tumbo likiwa lilelile.

Asiyewahi kupata hamu ile ni vigumu kuielewa. Ni harufu ya vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza, unaisikia puani hata kiangazi. Mate yanajaa. Kipande kinavunjika kwa sauti kavu, kinalainika ulimini, kinaganda kwenye meno kama unga, na roho inatulia kwa nusu saa tu. Baadaye ikaongezeka hamu ya barafu: si zile za ukwaju wanazonunua watoto, barafu tupu. Dukani kwa jirani walinikwangulia kwenye friji, natafuna huku nashona suruali za shule.

Kipindi hichohicho nikanenepa. Fundi hangoji mzani kujua hilo, futi inakaa shingoni. Kiuno kilikuwa inchi 31, kikaenda 33, kikafika 36, na sketi zangu nilizifumua na kuzitanua mara mbili. Kwa mzani nilitoka kilo 61 au 62 nikafika 74. Kupanda Barabara ya Lumumba kutoka stesheni, njia niliyoizoea tangu utoto, ikawa lazima nisimame mara tatu, moyo unapiga kama nimefukuzwa.

Ushauri niliopewa wakati huo unanikera mpaka leo. Dada mmoja anayeuza virutubisho alinijia na karatasi yenye jedwali la rangi. Ukitamani sukari, umepungukiwa kromiamu. Ukitamani chokoleti, ni magnesiamu. Kila hamu ilikuwa na madini yake, na kila madini yalikuwa na kopo lake kwenye begi. Akaniambia, "Dada yangu, mwili hauongopi. Ukikitamani kitu, ujue unakihitaji." Kwa jinsi nilivyochoka, ningekubali lolote. Nikachukua makopo mawili na unga wa lishe mfuko mkubwa, laki moja na themanini au zaidi kidogo, nikalipa kwa mafungu.

Masharti yake niliyafuata kama dini. Asubuhi kidonge kinene chenye kalsiamu, zinki na vitamini chungu nzima, nakishushia na chai. Kisha bakuli la uji wa mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya na karanga, umekolezwa maziwa na sukari. Jioni bakuli la pili. Niliamka saa kumi na moja kukoroga uji ule, na siku umeme ukikatika niliwasha mkaa gizani ili nisivunje ratiba. Wanangu walikunywa, mume wangu alikunywa, nyumba nzima tukawa kwenye tiba. Miezi miwili. Pemba haikukaa droo siku mbili, barafu ikawa vikombe vinne kwa siku, na ile inchi ya 36 niliipata hapo. Nilipomrudia, akasema mwili unatoa sumu, niongeze kopo la tatu. Hapo nikasimama.

Siku hizi nasoma karatasi ya kopo kabla sijafungua pochi. Makopo yale niliyaangalia baadaye kwa makini, herufi ndogondogo zile: madini ya chuma, ambayo ndiyo niliyopungukiwa, hayakuwemo kabisa. Na hata yangekuwemo, kuyanywa pamoja na kalsiamu na chai ni kuyazuia yasiingie vizuri mwilini. Uji nao haukuwa na kosa, ni chakula kizuri kwa anayetakiwa kuongeza uzito. Mimi ndiye sikuwa mtu wake. Ama lile neno la mwili hauongopi, hebu fikirini: udongo niliokuwa nautamani unashikana na madini ya chuma tumboni, yakapita bila kuingia kwenye damu. Mwili wangu ulikuwa unalia kweli, ila haukujua unalilia nini.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe, Ujiji, ambaye jedwali la rangi hajawahi kuliona. Nilikwenda kumsalimia Jumapili moja. Baada ya shikamoo akanishika mkono, akageuza kiganja, akakitazama muda. "Mwanangu, hii ni safura. Zamani mtoto akionekana anakula udongo, hapigwi, anapewa dawa ya minyoo." Nilikuwa nimelisikia neno safura maisha yangu yote nikidhani ni tusi la kumwambia mtu mnyonge. Kumbe wazee waliuweka udongo, minyoo na kuishiwa damu kwenye neno moja.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapita zahanati moja, wakaniandikia vidonda vya tumbo bila kunitoboa hata kidole. Sasa nikaenda kwingine na sentensi yangu moja mdomoni: naomba kupimwa wingi wa damu na choo. Jamani, semeni hivyohivyo. Ukisema "nachoka" tu, kila mtu Kigoma anachoka.

Nesi alinivuta kope ya chini, ndani pakawa peupe kama ganda la yai. Akatoboa kidole. Kimashine kikaandika 7.8. Akaniambia mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Choo kikaonyesha mayai ya minyoo ya safura. Akaniuliza kama nalima. Nalima, tuna jaruba la mpunga bonde la Luiche, na nani anaingia jarubani na viatu? Akanieleza: viluwiluwi vya minyoo hii vinakaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, vinapenya ngozi ya nyayo, vinasafiri mpaka utumbo mwembamba, vinakua na kung'ata hapo vikinyonya damu siku baada ya siku. Akauliza na hedhi. Siku saba, wakati mwingine nane, na mabonge. Nilidhani ni kawaida, maana mama yangu alikuwa hivyo. Damu ilikuwa inatoka kwa milango miwili.

Daktari alinipapasa na shingo pia, kwa sababu ya uzito. Tezi ya shingo ikilegea, na kukosa madini joto ni sababu mojawapo, mtu huongezeka kilo na kuhisi baridi kila wakati. Yangu aliiona iko sawa. Chumvi yetu nyumbani ni ya pakiti iliyotiwa madini joto. Ile ya mafungu isiyojulikana imetoka wapi, siinunui hata ikiwa bei ya bure.

Nikapewa dawa ya minyoo pamoja na vidonge vya chuma vyenye foliki asidi. Chuma ndicho mwili unachotengenezea ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba hewa safi. Kikipungua, misuli inakosa hewa, unachoka hata ukilala kwa saa kumi. Bei ya dawa zote haikufika hata robo ya makopo.

Wiki ya kwanza niliharibu. Kidonge kikanichafua roho, nikaanza kukinywa asubuhi na chai na andazi ili kitulie. Kilitulia, lakini nesi aliposikia alishika kichwa. Majani ya chai yana kitu kinachokamata chuma, ndiyo ule ukakasi unaousikia ulimini. Basi nikahamishia kidonge usiku, yakipita masaa mawili au zaidi baada ya kula, nikakishushia na maji niliyokamulia limao, kwa kuwa vitamini C inasaidia chuma kuingia. Kichefuchefu nikalala nacho. Choo kikawa cheusi tii, nikaogopa. Nesi akasema ni kile chuma kisichonyonywa. Ila ukiwa na choo cheusi na hunywi vidonge hivyo, kimbia hospitali. Na kopo lake likae juu kabisa, watoto wasilifikie. Vidonge vile ni sumu kwa mtoto mdogo.

Vita kubwa ilikuwa chai. Nimekulia kwenye chai ya rangi yenye tangawizi, chupa iko mguuni pa cherehani tangu asubuhi. Kila nikiapa kungoja, mkono unaenda wenyewe. Nikapata dawa: chupa naikabidhi kwa mzee fundi viatu wa kibaraza cha pili, na makubaliano ni kwamba hanipi kabla ya saa nne, hata nimwombe vipi. Malipo yake ni vikombe viwili vya mwanzo. Siku ya pili nilimwendea saa tatu kasoro na uongo kwamba mteja anataka chai. Akasema, "Mteja aje mwenyewe, fundi." Mzee yule simsahau. Saa nne, chakula cha asubuhi kimeshashuka, nakunywa kwa raha. Mchana vivyo hivyo, nasubiri zaidi ya saa moja.

Sasa sikilizeni hili. Siku ya sita ya kunywa kidonge vizuri, jirani wa duka aliniletea kikombe cha barafu kama kawaida. Nikakiweka mezani. Nilipokumbuka, ilikuwa maji. Nilikaa nikiyatazama maji yale mpaka machozi yakanitoka, wateja wakauliza nani amefariki. Pemba ikachukua siku chache zaidi. Nilipokiuma kipande, kilikuwa udongo tu, na mchanga kwenye meno. Nesi akasema ndivyo inavyokuwa kwa wengi, hamu hutangulia kuondoka hata kabla damu haijajaa.

Damu yenyewe ilipanda polepole. Baada ya wiki sita ilikuwa 10.4. Dagaa walinisaidia sana, mzima na kichwa chake na mfupa wake, kwa sababu chuma cha samaki na nyama kinaingia kirahisi kuliko cha majani, tena kinakivuta na kile cha majani kiingie. Lakini Ziwa Tanganyika likafungwa, Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, uvuvi ukasimamishwa ili samaki wazaliane, na bei ya dagaa ikapaa kuliko hata usiku wa mbalamwezi wavuvi wanapopumzisha taa zao. Nilikuwa na akiba ya wakavu kutoka Kibirizi, nikawa natia kiganja kimoja kwenye maharage. Maharage naloweka usiku kucha, maji nayamwaga. Matembele na mchicha juu yake nakamua ndimu wakati wa kula, au nakula pera baada ya ugali. Mawese sikuyaacha, wekundu wake mwili unaugeuza vitamini A, ila zamani nilimimina kwa macho, sasa napima kijiko. Bitruti na rozela walizonishauri ninywe eti "zinaongeza damu" sababu ni nyekundu? Wekundu wa kikombe si wekundu wa damu.

Na unene? Hapa ndipo watu wanaponibishia. Kukosa chuma hakukunitia mafuta, na vidonge vya chuma havikunikondesha. Nilinenepa kwa kile nilichokuwa natumia kuburuza mwili usio na damu. Nilikaa na kalamu ya chaki nikahesabu: chai vikombe vitano, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Kilo ya sukari niliyoweka kibarazani kwa ajili yangu peke yangu ilikuwa inaisha kwa siku kumi. Ongeza maandazi manne, soda ya saa kumi, kisha bodaboda mpaka mlangoni kwa kuwa mlima siuwezi. Nilikuwa naitafuta nguvu kwenye sukari, inakuja dakika ishirini, inaondoka, naitafuta tena.

Damu ilipopanda, sikulazimika kupigana na soda. Saa kumi ikafika nikagundua sijaitaka. Sukari nikashusha kijiko kimoja kila wiki mbili, sasa niko kijiko kimoja. Lumumba napanda kwa miguu na furushi la vitambaa kichwani, bila kusimama. Kiuno ni inchi 33 na mzani unasoma 67. Polepole, ndiyo, na mzee fundi viatu bado anakunywa vikombe vyake viwili.

Julai damu ilifika 12.3, nikataka kuacha vidonge, nesi akakataa: miezi mitatu mingine, ili ghala la mwilini lijae nalo. Hedhi wananifuatilia bado. Vimebaki vidonge vya wiki mbili. Nitapima tena kabla mvua hazijachanganya na watu hawajashuka Luiche, na buti za mpira nimeshanunua, jozi mbili, moja ya wifi.