Siku moja maishani mwangu: kocha wa besiboli Dodoma

Nikijitambulisha kwenye shughuli kwamba mimi ni kocha wa besiboli, watu hucheka kwanza, halafu huuliza, "Ule wa Wamarekani, wa rungu?" Ule ule. Swali linalofuata huwa kama kuna mtu ananilipa. Nalipwa, kidogo, na kwa kukumbushana. Asubuhi ni mwalimu wa michezo wa mkataba kwenye sekondari moja hapa mjini. Nje ya hapo nafundisha warushaji, wale wanaomrushia mpira mwenye rungu, na kati yao yupo mmoja wa miaka 16 ambaye ndugu zake wameshaanza kumpigia hesabu za dola. Mtaani wanamwita Dogo japo ananizidi kichwa kizima, nami nitamwita hivyo hivyo. Hii ni Jumatano yetu ya mwezi wa saba.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Dodoma mwezi huu ina baridi ya kuuma na upepo usio na adabu. Bega langu la kulia, lililorusha mkuki enzi zangu za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huamka kabla yangu. Kikombe cha uji wa uwele, jaketi, boda.

Saa kumi na mbili. Kiwanja chetu ni cha shule: vumbi jekundu, magoli mawili, mwarobaini mmoja. Kichuguu cha mrushaji, yaani kile kilima kidogo anachosimama akirusha, tumekijenga wenyewe kwa udongo wa kichuguu cha kweli, cha mchwa, tukaumwagia maji na kuushindilia hadi inchi 10 kama sheria inavyotaka. Vijana wa mpira wa miguu hukibomoa kwa sababu kinawaharibia kona. Tumeshakaa kikao. Tumeafikiana kwamba sisi tutaendelea kujenga na wao wataendelea kubomoa.

Dogo kafika kabla yangu.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Mkono?"

"Mzito kidogo."

"Mzito wapi?"

Akanigusia nyuma ya bega, kwenye nyama. Hapo sina wasiwasi. Angenigusia ndani ya kiwiko, kwenye kamfupa kale kanakojitokeza, ningemrudisha kwao muda ule ule, maana mifupa ya umri wake bado ina sehemu laini za kukulia, na kiwiko ndicho kinacholipa deni la kila kitu. Jibu lake nikaliandika kwenye daftari kabla ya kitu kingine.

Jana alirusha mipira 58 kwenye mechi ya mazoezi. MLB, yaani ligi kuu ya Marekani, pamoja na chama cha besiboli cha nchi hiyo, walitoa mwongozo mwaka 2014: kijana wa miaka 15 au 16 akirusha kati ya mipira 46 na 60, akae siku mbili bila kurusha, akifika 76, siku nne, na kwa siku asivuke 95. Kwa hiyo leo mpira haugusi. Leo ni miguu, kiuno na mgongo, yaani ile sehemu ya kazi ambayo hakuna mtu atakuja kupiga picha.

Mbio za mita 30 kwa nguvu zote, kisha kurudi kwa kutembea. Simzungushi uwanja. Mrushaji hutumia nguvu zake zote kwa muda usiofika hata sekunde mbili, halafu anapumua, anajifuta jasho, anarudia. Sasa nimfundishe pumzi za marathoni ili iweje? Baadaye kuruka pembeni kwa mguu mmoja na kutua bila kuyumba. Kuchuchumaa na mfuko wa mchanga mabegani. Mpira wa kikapu uliozeeka tuliojaza mchanga anaupiga ukutani kwa mikono miwili, nguvu itoke kiunoni. Mrushaji ni kama mchungaji na mjeledi wake: ncha ndiyo inayolia, lakini nguvu imeanzia kwenye nyayo.

Mwisho ni tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwenye mwarobaini. Kiwiko kimebanwa ubavuni, anavuta kwenda nje polepole, anarudisha polepole zaidi. Hili zoezi linachosha hata kulitazama. Dogo huangalia angani kama mtu anayengoja basi. Lakini bega la mrushaji huzunguka kwa kasi inayokaribia nyuzi 7,000 kwa sekunde, mojawapo ya mienendo ya kasi zaidi iliyowahi kupimwa kwenye mwili wa binadamu, na mpira ukishatoka lazima pawe na breki. Breki ndiyo hiyo misuli midogo ya nyuma. Haionekani hata ukivaa singlendi.

Saa mbili hadi saa saba. Shule. Filimbi, vipindi, mmoja kagongwa pua, na fomu yangu ya kuomba vifaa imerudi tena bila saini.

Saa saba na nusu. Soko la Majengo, kwa fundi viatu. Mipira ya besiboli huipati dukani huku, kwa hiyo inayofumuka tunaishona. Mmoja una gramu 142 hadi 149 na mishono 108 ya uzi mwekundu. Babu ana uzi mweusi wa kushonea makubazi, anaupaka nta, anaubana mpira kati ya magoti, anaingiza sindano mbili zinazopishana.

"Mbukwenyi, babu."

"Mbukwenyi. Umeniletea yai lako tena?"

Kila mara huusifia mshono wa kwanza kabla hajaufumua: aliyeushona alikuwa na mkono. Mipira ya ligi kuu ya Marekani hushonwa kwa mikono kule Costa Rica; yangu hushonwa Majengo, na mshono wa babu umeinuka kidogo zaidi, jambo ambalo Dogo analipenda kwa sababu vidole vinapata pa kushika. Hilo ni muhimu hapa kwetu. Dodoma tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira wa kupinda haupindi kama unavyopinda Dar. Kijana aliyejifunzia huku akishuka pwani anashangaa mpira wake umekuwa mjanja ghafla.

Saa tisa. Kwa mama yake Dogo, Chang'ombe. Ugali wa mtama, mlenda, maharage, mayai mawili, karanga za kubeba mfukoni. Naangalia sahani yake bila aibu, hii nayo ni kazi. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa anarusha kilomita 113 kwa saa. Sasa anafika 124. Watu wanadhani kuna siri ya mkono. Siri ni kilo saba alizoongeza, miguu, na usingizi. Mama yake ndiye aliyeleta hizo kilo, na hajawahi kuombwa picha na mtu.

Saa kumi jioni. Hapa ndipo siku ilipotaka kunishinda.

Tumerudi kiwanjani na wadogo, wale wa miaka 12, Dogo ananisaidia kuwapanga. Gari likaja likaegeshwa ndani ya uwanja kabisa. Akashuka mjomba wake, mwenye duka la vipuri, ambaye ndiye anayelipa ada. Nyuma yake akashuka mgeni mwenye miwani ya jua na viatu ambavyo havikuja kukutana na vumbi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Huyu ni mgeni wetu kutoka Dar, ana koneksheni za nje. Anarudi na treni ya jioni. Mwambie Dogo apashe, arushe kumi tu, za kasi ya mwisho."

Nikamweleza kwamba jana karusha 58, leo mkono umepumzika, na kesho pia. Aje Ijumaa.

"Kumi tu, mwalimu."

"Hata moja ya kasi ya mwisho siwezi kumruhusu leo, mjomba."

Akacheka, akamgeukia mgeni kumwonyesha kwamba haya ni mazungumzo ya kawaida. Kisha akatoa simu. Ana programu ya kupimia kasi, na wiki iliyopita alimpima Dogo kwa siri akiwa kwenye uzio. "Imesoma 151! Wewe unaniambia 124. Kwa nini unamshusha mtoto?"

Sasa hapo ilibidi nivute pumzi. Programu ile unabonyeza kwa kidole mpira ukitoka mkononi, unabonyeza tena ukifika. Kutoka kichuguu hadi pleti, lile bamba analosimama kando yake mwenye rungu, ni mita 18.44, na kwa kuwa mrushaji hupiga hatua kubwa mbele, mpira husafiri kama mita 17 tu. Kwa kasi ya Dogo hiyo ni nusu sekunde hivi. Kidole kikikosea kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, 124 inavuka 150. Na 151 ndiyo kasi ya kawaida ya warushaji wa ligi kuu ya Marekani, watu wazima wanaolipwa mamilioni. Nilimweleza kwa utaratibu, nikichora kwa kijiti mchangani. Mgeni alikuwa anafuatilia. Mjomba alikuwa anaangalia saa.

"Mwalimu, kuna wale vijana wa Uganda. Timu ya Dodgers ya Marekani imewachukua wawili, 2022. Wawili! Sisi tunakaa tunavuta tyubu za baiskeli."

Hilo ni kweli, na mmoja wao ni mrushaji. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia pia habari za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani: alisaini 2008, akaingia uwanjani na Pittsburgh Pirates mwaka 2017. Miaka tisa katikati. Halafu nikamtajia Tommy John, mrushaji wa ligi hiyo hiyo, ambaye kano ya kiwiko chake ilikatika 1974, daktari Frank Jobe akamwekea nyingine aliyoitoa kwenye mkono wake wa pili. Alikosa msimu mzima wa 1975 ndipo akarudi. Yule alikuwa na timu nyuma yake na daktari pembeni. Dogo ana mimi, mama yake na duka la vipuri.

"Kwa hiyo unamfungia mtoto riziki."

Neno hilo liliniingia. Sikujibu haraka. Wadogo wote walikuwa wamesimama wakisikiliza, Dogo ameinamisha kichwa anachimba vumbi kwa kiatu, na nilijua nikigeuka tu atachukua mpira, kwa sababu hawezi kumkatalia mjomba wake, na hafai kuwekwa mahali pa kumkatalia. Ndiyo maana nipo mimi. Kazi yangu ni kuwa mbaya kwa niaba yake.

Nikatoa tochi. Ni kifaa cha kupimia kasi; sisi huita tochi, kama ile ya trafiki, na ni ndugu yake kweli. Tuliachiwa na kocha wa Kijapani aliyemaliza mkataba akarudi kwao. (Wajapani ndio waliotupa mchezo huu nguvu miaka ya 2010, na bila wao nisingekuwa na hata glovu.) Nikamwambia mjomba, kwa heshima zote, arushe yeye. Mgeni aone tochi inavyosoma, halafu nimwonyeshe video za Dogo za jana, tochi ikiwa kwenye picha, kila mrusho na namba yake.

Nadhani alikubali kwa sababu ya mgeni. Akavua koti. Akapanda kichuguu, akainua mguu kama alivyoona kwenye video, akarusha. Mpira ulitua kushoto, mbali na yeyote. Tochi ikasoma 68. Wadogo walijitahidi sana wasicheke, na mmoja akashindwa. "Hiyo hata kwenye hamsini unapigwa faini, mjomba," nikasema, na mgeni ndiye aliyecheka wa kwanza kati ya wakubwa. Mjomba alitabasamu huku ameshika bega.

Mgeni akaketi kwenye tofali na viatu vyake vile, akatazama video zote. Akauliza maswali mazuri, nikiri: uzito, urefu, hatua yake inafika wapi (karibu na urefu wake mwenyewe), anapumzika miezi mingapi kwa mwaka. Nikamwambia minne bila kurusha kabisa, na mjomba akashtuka upya kama aliyesikia nimeuza gari lake. Kwamba mgeni ana koneksheni au ana miwani tu, mimi sijui. Alichukua video, akaacha namba, akawahi treni.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoanza tena na wadogo. Jua lilikuwa limelala, upepo umeongezeka, koo limekauka kwa vumbi na kwa maneno. Tulirushiana kwa umbali mfupi, nikahesabu kwa sauti ili wazoee kuhesabiwa, nikawafukuza nyumbani. Dogo alibaki kukusanya mipira. Hatukuongelea ya mjomba. Aliniuliza tu kama 124 itafika 130 mwakani. Nikamwambia ale.

Usiku niliandika daftari: mkono, mbio, chakula, saa alizolala. Miguu yangu imevimba kwenye soksi. Kesho bado hagusi kichuguu. Ijumaa atarusha 30 na siyo zaidi, ili Jumamosi awe huru.

Saa tatu simu ikalia, ujumbe wa mjomba: "Mwalimu, ile dawa mnayompaka Dogo begani inaitwaje? Siwezi kuinua mkono."

Nikamjibu kwamba hatumpaki dawa yoyote, apumzike siku mbili asirushe, na ada ya mwezi wa sita bado sijaiona.

Ametuma nusu.