Siku moja maishani mwangu: Jumapili ya Sanja mtaani Asakusa

Saa kumi kasoro robo alfajiri nimeshaswali na mikono yangu imo ndani ya wali wa moto. Mei jua la Tokyo halisubiri mtu, saa kumi na nusu linachomoza, na kabla halijatoka tuwe tumemaliza kufinyanga matonge. Okami-san, ndivyo tunavyomwita mama mwenye nyumba hii ndogo ya wageni, anachovya viganja kwenye maji, anapaka chumvi, anachota wali, anageuza mara tatu, tonge limekaa pembetatu. Ndani anaweka samaki wa kuchoma aliyechambuliwa, au umeboshi, tunda dogo la chumvi na uchachu linalorudisha nguvu kwa mtu aliyetoka jasho. Mimi nafunga kwa mwani mkavu na kupanga kwenye sinia.

Chakula hiki si cha wageni waliolala juu. Ni cha wabebaji wa mtaa wetu.

Sanja Matsuri, sherehe kubwa ya dini ya mitaa hii ya Tokyo, hufanyika wikiendi ya tatu ya Mei, na leo Jumapili ndiyo kilele chake. Mitaa 44 ya Asakusa inashiriki, na kila mtaa una chama chake, mwenyekiti wake, na koti lake fupi la pamba, hanten, lenye alama ya mtaa mgongoni. Pia una mikoshi yake, yaani nyumba ndogo ya mungu iliyopambwa kwa dhahabu na kufungwa juu ya magogo marefu ili ibebwe mabegani. Jana Jumamosi mikoshi za mitaani zipatazo mia zilikusanyika nyuma ya jengo kuu la Sensoji, hekalu la Kibudha la hapa, zikaombewa, kisha zikarudi makwao. Leo zinatoka zile kubwa tatu za Asakusa Jinja yenyewe, hekalu la Kishinto lililo jirani na Sensoji, kila moja ina uzito wa takriban tani moja, na zitapita mtaa hadi mtaa mpaka usiku.

Saa kumi na mbili kamili asubuhi zinatolewa. Mimi na kijana wa duka la jirani tumesimama mbali kidogo na mkokoteni wetu wa mapipa ya mugicha, chai baridi ya shayiri. Kutoka huku hatuoni kitu, tunasikia tu: kelele moja ya maelfu ya wanaume na wanawake, halafu mdundo wa miguu, "Soiya! Soiya!" Nywele za mikono zinasimama. Mimi sibebi, nina dini yangu, na Okami-san alielewa tangu mwanzo bila kunihoji. Wala sake, pombe ya mchele, sigusi. Alinikabidhi chai, na tangu hapo mapipa ya chai ni yangu. Mwenyekiti wa mtaa ananiita "mtu wa mugicha", na naipenda sana kazi hii.

Saa moja na nusu, kifungua kinywa cha wageni. Supu ya miso, samaki, wali, yai la kukunja. Napita haraka hapa kwa sababu jambo kubwa la asubuhi kwangu ni madirisha. Nyumba yetu ina ghorofa, na wageni wanafurahi wakijua mikoshi itapita chini ya vyumba vyao. Wameshatayarisha simu zao. Ninapanda kuwaambia kwa upole: tafadhali, ikifika, shukeni barabarani. Mungu akipita hatazamwi kutoka juu. Okami-san mwenyewe alikulia katika nyumba hii na tangu utotoni hajawahi kuchungulia dirishani wakati mikoshi inapita. Nafunga kila dirisha la juu, navuta pazia. Mgeni mmoja kutoka Ufaransa ananiuliza kama kweli anayepita anajali dirisha. Namwambia sisi tunaomkaribisha ndio tunaojali, na anavaa viatu anashuka.

Saa tano kasoro hivi ndiyo inafika.

Hapa nataka kueleza taratibu, maana ukiangalia picha utadhani ni fujo. Mikoshi kubwa hukabidhiwa mpakani. Mtaa uliotangulia unaileta hadi kwenye kona, mkuu wa wabebaji anagonga vipande viwili vya mti, ka! ka!, na inashushwa juu ya vigogo vya kuiegemeza. Makoti ya rangi moja yanatoka, yetu yanaingia. Wazee wawili wanainamishiana vichwa. Muda wa kila mtaa umepangwa kabla, na mwenyekiti wetu ana ratiba mfukoni iliyolainika kwa kukunjwa. Vipande vinagongwa tena na mabega yanaingia chini ya magogo.

Inaponyanyuka, inatikiswa. Juu chini, kushoto kulia, kengele na mapambo ya shaba yanalia, ndege wa dhahabu aliye kileleni anarukaruka. Wanaamini kutikiswa huko ndiko kunakoamsha nguvu ya mungu ili aubariki mtaa. Msichana wa duka la mkate yuko katikati, uso umekuwa mwekundu, jirani yake ni mzee mwenye kinundu begani kilichotokana na miaka ya kubeba. Hakuna anayetaka kubadilishwa, ila utaratibu unataka wabadilishwe, na wanaotolewa wanakuja kwangu moja kwa moja. Natoa vikombe na vitambaa vya maji baridi. Sipati muda wa kutazama ila vipande vipande kati ya mikono inayonyooshwa.

Hairuhusiwi kupanda juu yake. Mwaka 2008 mikoshi hizi tatu hazikutoka kabisa, kwa sababu mwaka uliotangulia watu walizipanda. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, sherehe ilisogezwa hadi Oktoba na mikoshi ikapitishwa juu ya lori. Wazee wa hapa wanasema walilia walipoiona, na nawaamini. Pasipo mabega ya watu, hii ni sanamu nzuri inayosafirishwa tu.

Saa saba mchana hapa, Tanga ni saa moja asubuhi, na mama anapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona makelele hayo, kuna harusi?"

Namgeuzia kamera barabarani. Ngoma na filimbi bado zinapita kwenye gari dogo. Anatazama kimya, halafu anauliza, "Na huyo mungu wao hachoki kurushwarushwa?" Nacheka na kumweleza kisa chenyewe, kwa kuwa najua kitamgusa. Wanaoenziwa hapa ni wanadamu watatu. Inasimuliwa kwamba mwaka 628 ndugu wawili wavuvi, Hinokuma Hamanari na Hinokuma Takenari, walitupa wavu kwenye mto Sumida ukanasa sanamu ndogo ya Kannon, mwenye huruma anayeheshimiwa na Wabudha. Mkuu wa kijiji, Haji no Nakatomo, akaitambua na kuigeuza nyumba yake kuwa mahali pa ibada. Huo ndio mwanzo wa Sensoji. Mama ni mjane wa mvuvi. "Wavuvi?" anasema. "Wavuvi ndio wanabebewa hivyo?" Ndiyo mama, wavuvi.

Mchana kazi ni ile ya kila siku: mashuka, vyoo, mikeka ya tatami kufutwa. Jikoni ukutani kuna kumade, reki ya mianzi iliyosheheni mapambo ya bahati, ambayo Okami-san alinunua Novemba kwenye soko la Tori no Ichi pale Otori Jinja, hekalu jingine la Kishinto. Kila mwaka hurudisha ya zamani na kuchukua iliyozidi ukubwa kidogo. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kalenda ya hapa. Februari hurushwa maharage, na Sensoji hawafukuzi mashetani kama kwingine, maana wanasema mbele ya Kannon shetani hayupo. Tarehe 9 na 10 Julai ni soko la hozuki, mmea wa jamii ya nyanya wenye vifuko vyekundu. Kuzuru hekalu siku hizo kunahesabiwa sawa na siku 46,000. Jumamosi ya mwisho ya Julai ni fataki za mto Sumida. Desemba 17 hadi 19 ni soko la hagoita, vibao vya kuchezea vilivyopambwa kwa nyuso za waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Kila msimu una mzigo wake wa kuosha, kupika na kufagia, na mitaa hii inapendeza kwa sababu wapo wanaoubeba mzigo huo.

Usiku mikoshi zinarudishwa zikiwa zimewashiwa taa za karatasi. Wabebaji hawataki ziingie. Zinasonga hatua mbili mbele, moja nyuma. Mimi nimebaki kwenye hema la mtaa, naosha mapipa. Koo za watu zimekauka, wanazungumza kwa kunong'ona na kunyoosheana mikono.

Saa nne mwenyekiti anapita na daftari kugawa kazi za kesho. Taa na kamba za karatasi nyeupe barabarani zishushwe asubuhi, hema saa nne, makoti yapelekwe kwa dobi. Kisha kuna hachiarai, karamu ya kupongezana baada ya sherehe. Okami-san ameshaniandikisha: kuku wa kukaanga, na mapipa mawili ya mugicha.