Kabla hujaweka jina la chuo chako kwenye andiko la Ulaya

Siku hizi wahadhiri na watengeneza programu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wananiandikia jambo lile lile. Chuo fulani cha Ulaya kimewatumia barua pepe: tunaandaa andiko la kuomba fedha za utafiti za Horizon Europe, muda umebaki kidogo, tunaomba mkubali kuwa washirika na mtupe jina la mtu wa mawasiliano. Wafanyeje? Mimi naishi Eindhoven, kusini mwa Uholanzi, na kazi yangu ni kuratibu miradi ya namna hiyo, upande wa programu za kompyuta. Ninachowaambia ni kwamba ingieni, ila msisaini kabla hamjajua msimbo (code) wa programu utakuwa wa nani na hela itafika lini.

Horizon Europe ni mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027, uliotengewa mwanzoni euro bilioni 95.5. Mradi wa ushirikiano kwa kawaida unahitaji angalau taasisi tatu za nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya au zilizojiunga na mfuko huu, lakini kwenye miradi ya programu za kompyuta mara nyingi mnajikuta kumi na zaidi: vyuo, kampuni kubwa, kampuni za watu watano, manispaa ya kufanyia majaribio. Tanzania, Kenya na Uganda zimo kwenye orodha ya nchi ambazo taasisi zake zinaweza kulipwa na mfuko huu. Kwa hiyo mtu akiwaambia mtashiriki bila bajeti, "kwa ajili ya uzoefu", mwulizeni sababu. (Kuna njia nyingine pia, Eureka, mtandao wa nchi wa kushirikiana kwenye utafiti, ulioanza 1985; tawi lake la programu za kompyuta linaitwa ITEA, na ofisi yake iko hapa hapa Eindhoven. Huko kila nchi inawalipa watu wake. Ujerumani ikikubali na Hispania ikikataa, mradi unabaki na pengo katikati.)

Watu wengi wanadhani mratibu ni bosi. Hela ya wote inapitia kwetu, hilo ni kweli, lakini mhandisi wa Tampere, Finland, ana bosi wake huko huko, na siwezi kumwamuru chochote. Nafanya kazi ya mweka hazina wa kamati ya harusi: kila mtu aliahidi mbele za watu, na sasa unazunguka kwa mmoja mmoja kumkumbusha ahadi yake, kwa heshima, bila kuchoka, kabla ya kikao na si ndani ya kikao. Ndiyo maana kilichoandikwa kina uzito mkubwa hivi. Lisiloandikwa halina mwenyewe.

Mfano mmoja. Kwenye mradi wetu kampuni ya Ujerumani ilikuwa inakusanya data za matumizi ya umeme kwenye majengo, na chuo cha Hispania kinazipokea ili programu yao itabiri matumizi ya kesho. Ulaya, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinarudishwa nyuma: saa tisa usiku inakuwa saa nane tena. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatuna habari na mambo hayo. Programu ya Wajerumani iliandika saa ya ukutani, kwa hiyo lile saa moja kati ya nane na tisa likaja mara mbili, lina muhuri ule ule wa wakati. Programu ya Wahispania ikajumlisha yote mawili, ikaona jengo tupu limetumia umeme maradufu usiku wa manane, na utabiri wa siku zilizofuata ukapinda.

Tulikaa na mistari ya kumbukumbu za seva ukutani. Wajerumani wakasema kazi yao ilishakabidhiwa na wakaguzi wameipokea. Wahispania wakasema miezi yao ya kazi kwenye fungu lile imekwisha. Wote walikuwa sahihi kwa karatasi. Andiko lilisema tu "data zitapelekwa"; halikusema kwa saa ipi, wala nani anaangalia mahali programu mbili zinapokutana. Kuhamia kwenye saa ya UTC, saa moja ya dunia nzima isiyorudishwa nyuma, kulimalizika mchana ule ule. Mabishano juu ya nani abebe gharama yakaendelea hadi kikao kilichofuata. Tangu hapo, kwenye andiko ninaloshika mimi, kila kiungo kina jina la mtu na miezi yake.

Sasa hela. Mwanzoni mnapata malipo ya awali, baada ya hapo mnatumia ya kwenu. Kipindi cha taarifa mara nyingi ni miezi 18. Kikiisha, tuna siku 60 za kuandika, na Tume ya Ulaya kwa kawaida ina siku 90 za kulipa baada ya kupokea. Asilimia kama 10 inasubiri mpaka mwisho kabisa, na kati ya 5 na 8 inawekwa kwenye mfuko wa bima wa pamoja. Chuo kisicho na akiba kitakwama mwaka wa pili, kwa hiyo jadilianeni na mratibu mapema juu ya mgao wa malipo ya awali.

Mishahara kwa kawaida inahesabiwa kwa gharama halisi. Siku ya mhadhiri wa Dodoma italipwa kwa mshahara wa Dodoma, hata kama msimbo anaouandika ni ule ule wa mwenzake wa Munich. Hili linaniuma, na kanuni siwezi kuzibadili, lakini jibu lipo: ombeni miezi mingi zaidi na kazi kubwa zaidi. Msikubali kupewa "majaribio ya Afrika" peke yake wakati mna watu wa kujenga. Juu ya gharama hizo kuna asilimia 25 ya gharama za uendeshaji, ya umeme, intaneti na ofisi. Ni ya taasisi yenu. Hakikisheni imo kwenye jedwali la bajeti.

Msimbo je? Matokeo ni ya aliyeyazalisha; mkizalisha pamoja bila kutenganishika, ni yenu wote. Hatari iko kwenye mnachokuja nacho. Tuseme mna rekodi za sauti za Kiswahili mlizokusanya kwa jasho kutoka Tanga hadi Kigoma. Wenzenu watapewa haki ya kuzitumia pale wanapozihitaji kwa kazi ya mradi, na masharti yenu yatasimama tu kama yameandikwa. Ombeni rasimu ya makubaliano ya ubia mapema. Miradi mingi inafuata kielelezo kinachoitwa DESCA, kinachosomwa bure mtandaoni. Fungueni kiambatisho cha kwanza, palipo na orodha ya mali ya kila mshirika, mziandike rekodi hizo hapo pamoja na mipaka yake, kisha mpelekeeni mwanasheria wa chuo.